Msimbo wa C wa miaka ya 1990: kiraka kipi kifutwe na kipi kibaki?

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhandisi wa mifumo hapa Dodoma. Nimekabidhiwa programu ya C inayopokea vipimo vya kina cha maji kutoka kwenye visima vya mkoa huu na mikoa jirani, kuvipanga na kuvihifadhi. Iliandikwa katika miaka ya 1990 kwa ajili ya seva za Sun, baadaye ikahamishiwa HP-UX (Unix ya kampuni ya HP), na leo inaendeshwa kwenye Debian (aina ya Linux), huku vifaa vidogo vilivyoko visimani vikitumia Linux kwenye prosesa za ARM za biti 32. Msimbo umejaa `#ifdef` (mistari inayoamua tawi lipi la msimbo likompailiwe kwenye mfumo upi) za mifumo ambayo sijawahi kuiona kwa macho, pamoja na nakala binafsi za fanksheni ambazo maktaba ya C inazo tayari. Wakubwa zangu wanasema kinachofanya kazi kisiguswe. Je, kuviondoa viraka hivi kuna faida ya kweli? Na kama ipo, nianzie wapi bila kuvuruga huduma?

Jibu

Marahaba. Faida ipo, na viraka vingi kati ya hivyo vinapaswa kuondoka, lakini usivihukumu kwa umri wake. Kila kiraka cha namna hii ni dai lililoandikwa na mtu aliyekutangulia: kwamba uko mfumo fulani wenye upungufu fulani, na kwamba programu hii itaendeshwa juu ya mfumo huo. Dai la namna hiyo linaweza kuchunguzwa. Ukiweza kuutaja mfumo uliosababisha kiraka, ukautaja upungufu wake, kisha ukathibitisha kwamba hakuna mashine yenu hata moja yenye upungufu huo wala data yenu haiutegemei, futa bila huruma. Ukishindwa kujibu mojawapo ya hayo, kiache mpaka ujue. Kazi yenyewe kwa sehemu kubwa ni ya uchunguzi, na kufuta ndiyo sehemu yake fupi.

Niwajibu kwanza wakubwa zako, kwa sababu hoja yao ina uzito na inastahili jibu la kiufundi. Msimbo usioguswa haubaki ulivyo, kwani kompaila na maktaba zinazouzunguka zinabadilika kila mwaka. GCC 14, toleo la kompaila ya kawaida ya Linux lililotoka Mei 2024, iligeuza kuwa makosa kamili mambo ambayo kwa miongo mingi yalikuwa maonyo tu, kama vile kuita fanksheni ambayo haijatangazwa au kuacha kutaja aina ya thamani inayorudishwa. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 inakuja na GCC hiyo. Kisha GCC 15 ya mwaka 2025 ikakifanya kiwango cha C23 (kanuni mpya za lugha ya C) kuwa chaguo-msingi, na ndani ya C23 mabano matupu katika tangazo la fanksheni yanamaanisha kwamba haipokei kitu chochote, wakati zamani yalimaanisha kwamba idadi ya hoja (thamani inazopokea) haijatajwa. Hata mstari usio na hatia kama `typedef int bool;`, uliowekwa enzi ambazo C haikuwa na `bool`, sasa unakataliwa kwa sababu `bool` imekuwa neno la lugha yenyewe.

Lililo baya zaidi ni lile lisilotoa kelele. Hati ya `configure` ya zamani hutambua uwezo wa mfumo kwa kukompaili programu ndogondogo za majaribio, na majaribio mengi yaliyoandikwa kwa mkono katika miaka ile huanza na `main()` bila aina, kisha huita `exit` bila kuingiza heda yake (faili yenye tangazo la fanksheni hiyo). Chini ya GCC 14 jaribio la namna hiyo linashindwa kukompailiwa. `configure` haitasema kwamba jaribio lenyewe ni bovu. Itaamini kwamba mfumo hauna uwezo uliokuwa unatafutwa, iandike hivyo kwenye `config.h`, na programu itajengwa kwa kutumia kiraka ambacho hakuna mtu aliyekitumia kwa miaka ishirini. Hapo utakuwa unaendesha tawi la msimbo lililoandikwa kwa ajili ya mashine ya Sun juu ya seva ya kisasa, bila onyo lolote kwenye skrini. Kwa hiyo wakubwa zako wanapouliza kwa nini mguse kinachofanya kazi, waonyeshe `config.h` iliyozalishwa kwenye Debian 12 na ile iliyozalishwa kwenye Debian 13, ziwekwe kando kwa kando. Zikitofautiana, mjadala umekwisha.

Kabla hujafuta mstari mmoja, andika hati fupi inayotaja kiwango cha chini mnachokihimili, na uiombee idhini ya maandishi. Kwa hali uliyoieleza ningependekeza C11 (kiwango cha C cha 2011), POSIX ya 2008 (kiwango cha mifumo ya ukoo wa Unix), Linux yenye glibc (maktaba yake ya kawaida ya C), seva za biti 64 na vifaa vya ARM vya biti 32, na mengine yote yatangazwe kuwa hayahimiliwi tena. Hilo si jambo la aibu. Kerneli ya Linux iliacha kuihimili prosesa ya 386 katika toleo la 3.8 mwaka 2013, ingawa ndiyo prosesa iliyozaliwa juu yake, na ikahamia C11 katika toleo la 5.18 mwaka 2022. Watu wa mfumo wa OpenBSD walipochukua msimbo wa OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, mwaka 2014, baada ya kufichuliwa kwa udhaifu wa Heartbleed, na kuanzisha LibreSSL, moja ya kazi zao za mwanzo ilikuwa kung'oa matawi ya VMS, ya Windows za biti 16 na ya Mac za zamani. Waling'oa pia tabaka la kugawa kumbukumbu ambalo OpenSSL ilijiwekea yenyewe kwa hoja kwamba `malloc` (fanksheni ya kuomba kumbukumbu) ya baadhi ya mifumo ilikuwa ya polepole. Tabaka hilo liliifanya kinga iliyojengwa ndani ya `malloc` ya OpenBSD isiweze kufanya kazi yake pale ilipohitajika zaidi. Hilo ni jambo la kulitafakari: kiraka kilichowekwa kwa ajili ya mfumo dhaifu kiliunyima mfumo imara nguvu yake.

Sasa kazi yenyewe. Anza na matawi ambayo hayajawahi kukompailiwa kwenye mashine zenu, kwa sababu kuyaondoa kunaweza kuthibitishwa bila kubahatisha. Tumia programu ya `unifdef`, ambayo husoma msimbo na kuondoa matawi ya alama (majina yaliyomo kwenye `#ifdef`) unazoitajia tu, bila kugusa kitu kingine. Amri kama `unifdef -m -b -USUNOS4 -Uultrix -U__hpux` inaiambia kwamba alama hizo hazimo, ibadilishe faili palepale, na mistari inayoondolewa iachiwe nafasi tupu. Nafasi tupu hizo ni muhimu kuliko zinavyoonekana, kwa kuwa namba za mistari hazibadiliki, na kwa hiyo ukikompaili kabla na baada, kwa kompaila ileile, vigezo vilevile na saraka ileile, faili zote za `.o` zinatakiwa kuwa sawa baiti kwa baiti. Zilinganishe kwa `cmp`. Zikiwa sawa, umethibitisha kwamba hukubadilisha chochote, na mkaguzi wako hana haja ya kusoma maelfu ya mistari iliyofutwa. Zikitofautiana, umegundua jambo ambalo hukulijua: pengine faili inatumia `__DATE__` au `__TIME__`, na hilo halina madhara, au pengine alama uliyodhani imekufa inawekwa hai na `Makefile` mahali fulani. Nafasi tupu zifute katika badiliko la pili, peke yake.

Usiamini macho yako kuhusu alama gani iko hai. Amri ya `gcc -dM -E - < /dev/null` itakuorodheshea alama zote ambazo kompaila huziweka yenyewe, na inafaa kuiendesha kwenye seva na kwenye ARM pia, kwa vigezo vyenu halisi vya kukompaili. Vigezo hivyo vina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Ukikompaili kwa `-std=gnu11`, alama za `unix` na `linux` zipo, lakini ukibadili kuwa `-std=c11` zinatoweka na kubaki `__unix__` na `__linux__`, hivyo kila mahali palipoandikwa `#ifdef unix` patageuka ghafla upande wa pili. Vilevile, jina lisilojulikana ndani ya `#if` huhesabiwa kuwa sifuri bila malalamiko, na faili iliyosahau kuingiza `config.h` itaamini kwamba mfumo wenu hauna chochote. Washa `-Wundef` siku ya kwanza, uyasome maonyo yake yote.

Baada ya matawi yaliyokufa, nenda kwenye vile vinavyokompailiwa kila siku lakini havina kazi. Vingi hapa ni vyepesi, nami nitavipita haraka. Sharti la `if (p)` kabla ya `free(p)`, pamoja na lile la kuita `malloc` badala ya `realloc` pointa ikiwa tupu, yamekuwa hayana maana tangu kiwango cha 1989. Makro kama `__P` na `PROTO`, zilizoficha prototaipu (matangazo yanayotaja aina za hoja) zisionwe na kompaila za kabla ya ANSI, yaani kabla ya kiwango hicho cha 1989, ziondoke zote. `index` na `rindex` ziwe `strchr` na `strrchr`. Tangazo la `extern int errno;` liondoke bila mjadala, kwa sababu `errno` ya leo ni makro inayoupa kila uzi (mkondo wa utekelezaji ndani ya programu) thamani yake. `sys_errlist` ibadilishwe kuwa `strerror`, kwani glibc 2.32 ya mwaka 2020 iliacha kuitoa kwa programu zinazounganishwa upya.

Tangazo kama `extern char *malloc();`, na kubadili aina kwa nguvu kila `malloc` inapoitwa, vinahitaji neno zaidi. Zamani vilikuwa na sababu, kwa kuwa `malloc` ya kabla ya ANSI ilirudisha `char *`. Leo kazi yake kubwa ni kuficha kosa. Heda ikisahaulika, kompaila ya zamani hudhani kwamba fanksheni inarudisha `int`, mabadiliko ya aina yanalinyamazisha onyo, na kwenye seva ya biti 64 nusu ya anwani hukatwa. Programu itaendelea vizuri hadi siku `malloc` itakapotoa anwani isiyotosha ndani ya biti 32. Futa matangazo hayo yote, ingiza heda sahihi, na uiache kompaila iseme.

Nakala binafsi za fanksheni za maktaba zinahitaji subira zaidi, kwa sababu nakala na ile ya kweli hazifanani kila mara. `getopt` ya glibc hupanga upya hoja za mstari wa amri ili vigezo vitangulie, jambo ambalo nakala nyingi za zamani hazifanyi. Kama kuna hati za `cron` (zinazoendeshwa kwa ratiba) zinazoweka jina la faili kabla ya vigezo, ukiifuta nakala yenu tabia itabadilika. Dawa ni kuanza orodha ya vigezo kwa alama ya `+`. Na `snprintf` ndiyo mfano bora wa kiraka ambacho sasa ni hitilafu kamili. Glibc ya kabla ya 2.1 ilirudisha -1 nafasi isipotosha, kwa hiyo waandishi wa wakati ule waliandika kitanzi kinachoongeza nafasi kila ikirudi namba hasi. Tangu C99, fanksheni hiyo hurudisha urefu ambao ungehitajika. Kitanzi cha zamani hakioni namba hasi, kinadhani kila kitu kimeenea, na jina la kisima au njia ya faili inahifadhiwa ikiwa imekatwa. Usikifute tu, bali badilisha sharti liwe kwamba namba iliyorudi ni hasi, au ni sawa na ukubwa wa nafasi au inauzidi.

Sasa niingie mahali ambapo nimeona wahandisi makini wakiteleza, yaani viraka ambavyo sura yake ni ya zamani lakini tabia yake imekuwa msingi wa programu. Mfano wa kwanza ni `bcopy`, fanksheni ya kunakili kumbukumbu. Ilitoka BSD (mmoja wa koo kuu za Unix), ikaondolewa kwenye POSIX ya 2008, na katika msimbo wa aina yenu karibu kila mara utakuta makro ya kuigeuza kuwa `memcpy` kwa mifumo isiyokuwa nayo. Mtu akiona makro hiyo hudhani kwamba ndiyo ufafanuzi wa `bcopy`, naye hubadilisha kila mahali kwa `memcpy`. Hapo kuna mitego miwili. Hoja zina mpangilio tofauti, kwani `bcopy` hutanguliza chanzo na `memcpy` hutanguliza mwisho. Zaidi ya hapo, `bcopy` inaruhusu maeneo mawili ya kumbukumbu yaingiliane, wakati `memcpy` hairuhusu. Programu inayopokea vipimo huwa na mahali inaposogeza vilivyobaki mwanzoni mwa bafa (hifadhi ya muda) baada ya kusoma kimoja, na hapo chanzo na mwisho huingiliana kwa lazima. Badala yake sahihi ni `memmove`. Tofauti hiyo inaweza kujificha kwa miaka: mwaka 2010, toleo jipya la glibc lililokuja na Fedora 14 lilianza kunakili kwa mpangilio tofauti kwenye baadhi ya prosesa, na sauti ya Flash ya Adobe ikaharibika kwa watumiaji, kwa sababu Flash ilikuwa ikitumia `memcpy` juu ya maeneo yanayoingiliana, na hadi siku hiyo ilikuwa inaponea chupuchupu.

Mfano wa pili ni `signal`, fanksheni ya kusajili kitakachofanyika programu inapopokea ishara ya mfumo, nami nakuomba uusome mstari kwa mstari. Katika mifumo ya System V, ukoo mwingine wa Unix, ishara ikishapokewa mara moja, mfumo hurudisha tabia ya awali, kwa hiyo fanksheni ya kupokea ishara ilianza kwa kujisajili upya. Katika BSD usajili hubaki. Ukikuta fanksheni inayojisajili upya ndani yake, utashawishika kuifuta sehemu hiyo, kwa kuwa glibc kwa kawaida hufuata BSD. Neno la kushika hapo ni "kwa kawaida". Ukikompaili kwa `-std=c11`, au ukiweka `_POSIX_C_SOURCE` peke yake, glibc hukupa `signal` yenye tabia ya System V. Fikiria sasa kwamba katika wiki moja umefanya mambo mawili mema: umefuta usajili wa ziada, na umehamia kiwango kisafi cha C11. Programu inapokea `SIGHUP` ya kwanza, inasoma upya mipangilio yake vizuri, na majaribio yako yanapita. Usiku logi zinapozungushwa inakuja `SIGHUP` ya pili, na programu inauawa. Kila badiliko likiwa peke yake lilikuwa salama.

Kwa hiyo usifute kiraka cha `signal` kama kilivyo, bali badilisha kila mwito wake kwa `sigaction`, iliyomo kwenye POSIX tangu mwanzo wake mwaka 1988, na utamke waziwazi tabia unayoitaka. Kwa `SIGHUP` weka `SA_RESTART` ili usomaji uliokuwa ukiendelea uanze tena wenyewe. Kwa `SIGALRM`, ishara inayoletwa na `alarm` muda ukiisha, tazama kwanza. Kama waandishi wa awali walitumia `alarm` kuikatiza `read` inayosubiri modemu ya kisima isiyojibu, basi `SA_RESTART` itaifanya `read` hiyo isubiri milele, na kisima kimoja kibovu kitazuia vipimo vya visima vyote vilivyo nyuma yake kwenye foleni. Hapo `SA_RESTART` isiwekwe, na msimbo wa kushughulikia `EINTR` (kosa linalosema kwamba mwito ulikatizwa na ishara) ubaki. Kwa jumla, vitanzi vya `EINTR` si viraka vya zamani hata kidogo. Viache.

Mfano wa tatu unahusu data, na kwa kazi yenu ndio ulio ghali kuliko yote. Mashine za SPARC (prosesa za Sun) na zile za HP-UX ziliandika namba kwa kutanguliza baiti kubwa. Seva na vifaa vyenu vya leo hutanguliza baiti ndogo. Ukikuta fanksheni ya kugeuza mpangilio wa baiti yenye maelezo kwamba ni ya faili za Sun, hoja ya kwamba hatuna tena mashine za Sun haitoshi kuifuta, kwa sababu mnazo faili zilizoandikwa na mashine hizo. Thamani ya rekodi ya visima iko kwenye urefu wake. Rekodi ya Makutupora, kaskazini mwa jiji letu, yenye zaidi ya nusu karne, imewaonyesha watafiti kwamba maji ya ardhini katika eneo hili hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, ukiwamo ule wa El Niño wa 1997/98. Ikiwa vipimo vyenu vya msimu huo vimo ndani ya faili zilizoandikwa na seva ya Sun, basi mistari hiyo ya kugeuza baiti ndiyo mlango pekee wa kuvifikia, nao utaonekana umekufa kwenye kila kipimo cha matumizi ya msimbo hadi siku mtafiti atakapoomba data ya 1998.

Hapo usifute. Andika upya kwa namna isiyohitaji `#ifdef` kabisa. Soma baiti moja moja na uzijenge namba kwa kuzisogeza: baiti ya kwanza igeuzwe kwanza kuwa `uint32_t`, isogezwe biti 24, ya pili 16, ya tatu 8, kisha ziunganishwe. Ugeuzaji huo wa kwanza ni wa lazima, kwa sababu bila huo baiti hupandishwa kuwa `int` na kusogeza hadi kwenye biti ya alama (ya hasi au chanya) ni tabia isiyobainishwa na kiwango. Msimbo wa namna hiyo unatoa jibu lilelile kwenye prosesa yoyote. Usisome muundo mzima kwa `fread` moja, kwani nafasi tupu kati ya sehemu za muundo hutofautiana kati ya mifumo, na `long` ya Sun ya biti 32 ilikuwa baiti 4 wakati ya seva yenu ni 8. Kwa sababu hiyohiyo tafuta mistari ya aina ya `typedef unsigned long u32;`. Hiyo haikuwa na kosa mwaka 1993, lakini leo inadanganya: badilisha kwa `uint32_t` ya `stdint.h`, huku ukichunguza kila mahali ambapo aina hiyo inaandikwa kwenye diski au kutumwa kwenye mtandao, kwa maana huenda kuna faili ambazo tayari zimeandikwa kwa ukubwa usio sahihi.

Yako mambo mawili mengine ambayo vijana huyafuta wakidhani ni mabaki. La kwanza ni kugeuza herufi kuwa `unsigned char` kabla ya kuita `isdigit` au `isalpha`. Kiwango cha C kinalidai hadi leo. Pia `char` ya kawaida ina alama kwenye seva zenu za x86 na haina alama kwenye Linux ya ARM, hivyo msimbo mmoja unaweza kusoma herufi ileile kwa namna mbili. La pili ni `memcpy` inayonakili sehemu moja ya pakiti kwenda kwenye kigeu kabla ya kuitumia. Iliwekwa kwa sababu SPARC iliiua programu iliyosoma namba kwenye anwani isiyopangika vizuri, nayo x86 huvumilia. Hata hivyo kusoma kupitia pointa iliyogeuzwa kwa nguvu bado ni kosa kwa mujibu wa kiwango, GCC hujenga uboreshaji wake juu ya kanuni hiyo, na `memcpy` ya baiti nne kwa kawaida hugeuzwa na kompaila kuwa agizo moja tu la prosesa. Hupati kasi yoyote kwa kuifuta.

Kuhusu mwendo wa kazi, kila badiliko kwenye Git libebe aina moja ya kiraka na lieleze mfumo uliokisababisha, ili `git bisect` (amri ya kutafuta badiliko lililoleta kosa) ikusaidie kitu kikiharibika. Hifadhi mkondo halisi wa baiti kutoka kwenye visima kwa siku kadhaa, pamoja na faili kadhaa za kila enzi, uupitishe kwenye programu ya zamani na mpya, kisha ulinganishe matokeo. Jenga pia nakala moja kwa `-fsanitize=address,undefined` na uilishe mkondo huohuo, kwa sababu itakuonyesha makosa ambayo viraka vilikuwa vikiyafunika. Mabadiliko yanayogusa tabia, yaani ya ishara, ya kunakili na ya aina za namba, yapeleke kwenye huduma kati ya Juni na Septemba. Mvua zetu huanza kuelekea Desemba, na kipimo kinachopotea wakati kisima kinajaa hakirudi.

Mwisho, kuna kiraka ambacho utalazimika kukiongeza. Kwenye vifaa vyenu vya ARM vya biti 32, `time_t` (aina inayohifadhi muda) ya biti 32 inafikia ukomo wake tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Tangu glibc 2.34 ya mwaka 2021 unaweza kudai muda wa biti 64 kwa kuweka `_TIME_BITS=64`, ambayo inakutaka uweke pia `_FILE_OFFSET_BITS=64`. Ukikuta hiyo ya pili imewekwa tangu zamani kwa ajili ya faili kubwa, usiifute. Debian 13 imekwisha kuhamisha armhf (tawi lake la ARM ya biti 32) kwenye muda wa biti 64, lakini maktaba zenu wenyewe na miundo inayoandikwa kwenye diski haitajirekebisha. Ziweke alama zote mbili kwenye vigezo vya kukompaili ili zitangulie kila heda, na kando yake andika sababu, mwaka, na sharti la kuondolewa kwake: pale kifaa cha mwisho cha biti 32 kitakapong'olewa kisimani.